Kabla Hujakubali Kuambuliwa Uso

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Tanga mbele ya akina mama wa vikoba na mafundi wa saluni. Nayaweka yote hapa kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, maana ni nyuso za watu.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Shikamooni wakubwa wangu wote. Dada zangu habari za asubuhi, na nyinyi kaka mliokaa kule nyuma, karibuni sana, jambo hili linawahusu pia.

Mwenyekiti ameniomba nizungumze kuhusu swali ninaloulizwa kliniki, sokoni, na hata msibani: "Daktari, nikapigwe leza ya uso? Nifanye ile ya kuambua ngozi? Haya madoa yatatoka?" Ni swali halali. Mtu aliyechoka kuongea na watu huku wakimtazama mashimo ya chunusi badala ya macho ana haki ya kutafuta tiba, na nisingependa asikie kutoka kwa yeyote humu ndani kwamba anamkosoa Mungu. Kovu la usoni linaumiza moyo. Nimewaona vijana wazima wakiinamisha kichwa kila simu inapoinuliwa kupiga picha.

Kwa hiyo sikuja kuwakataza. Nimekuja na neno moja, na nitalirudia mpaka mlichoke. Tiba hizi zote ni jeraha. Leza ni jeraha. Asidi ni jeraha. Rola ya vijisindano ni jeraha. Mtaalamu anaiumiza ngozi kwa makusudi na kwa kipimo, akitegemea kwamba ngozi ikijiponya itatoka nzuri kuliko ilivyokuwa. Mashine haikupi uso mpya. Uso mpya, ukija, unaletwa na namna ngozi yako inavyopona.

Sasa nawauliza, ngozi yako wewe inaponaje?

Tazameni mikono yenu. Pale mafuta ya maandazi yalipokurukia, pamebaki nini? Pale mbu alipokuuma ukajikuna usiku kucha? Pamebaki weusi, si ndiyo? Wengi wenu mnatikisa kichwa. Hilo ndilo jibu la ngozi yetu kwa kuumizwa. Chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi kuna chembe zinazotengeneza rangi. Idadi yake haitofautiani sana kati yetu na Wazungu. Tofauti ni kwamba za kwetu zinafanya kazi zaidi, na zikishtuliwa na joto, dawa kali au mkwaruzo, humwaga rangi. Rangi ikibaki juu, huisha kwa miezi kadhaa. Ikizama chini, inaweza kukaa miaka.

Wanaotengeneza mashine hizi wanalijua jambo hili, lakini lilichelewa kuingia kwenye vitabu. Mwaka 1975 daktari wa ngozi wa Harvard, Thomas Fitzpatrick, aliweka daraja za ngozi kufuatana na jinsi inavyoungua au kubadilika rangi juani. Alikuwa anatafuta kipimo cha mionzi kwa wagonjwa wake, na daraja zake za mwanzo zilikuwa za watu weupe. Daraja la tano na la sita, ambako wengi wetu tuliomo humu tunaangukia, ziliongezwa baadaye. Leo mtaalamu yeyote wa leza anayejua kazi yake anakuuliza au anakutazama akujue uko daraja gani kabla hajawasha mashine. Asiyekutazama, anayewasha tu kwa kipimo kilekile alichompigia mteja aliyetangulia, huyo muage vizuri, uchukue mkoba wako uondoke.

Nitawasimulia habari ya bibi harusi mmoja. Jina nalihifadhi.

Zilikuwa zimebaki siku kumi aingie ukumbini. Uso wake ulikuwa mzuri, ila mashavuni kulikuwa na vidoa vya chunusi za zamani. Rafiki akampeleka mahali, akapakwa asidi, akaambiwa, "Ukianza kuambuka usiogope, chini kuna ngozi mpya." Hakuulizwa harusi ni lini. Hakuambiwa kwamba ngozi ile mpya haitakiwi kuguswa. Siku ya nne ikaanza kutoka vipande pembeni mwa mdomo. Siku ya sita akawekwa ndani, na somo wake, mama mwenye ujuzi ambaye amewasinga mabinti wa mji huu miaka na miaka, akaanza kazi yake. Singo mwili mzima, na uso pia.

Nyote mnaijua singo. Mawaridi yaliyokaushwa, karafuu, kilua, yamesagwa, yananukia nyumba nzima. Juu ya ngozi nzima haina neno. Lakini juu ya shavu lililoambuliwa siku sita nyuma? Binti alipiga ukelele. Somo akatazama kiganja chake akaona majimaji, akaacha palepale, akamwosha kwa maji baridi, akampaka liwa apoe. Usiku wa harusi vipodozi vilifunika. Alipokuja kwangu nilimfuta kwa pamba yenye maji, na mashavu yote mawili yalikuwa na mabaka meusi ya kijivu, makubwa kuliko vile vidoa alivyotaka kuviondoa. Ilichukua karibu mwaka mabaka yale kufifia, mwaka wa kwanza wa ndoa yake.

Je, tumlaumu somo? Hapana. Somo hakuambiwa kitu. Tumlaumu binti? Naye hakuambiwa. Aliyekuwa na chupa mkononi ndiye aliyepaswa kuuliza swali moja tu: una shughuli gani mbele yako? Mimi simfanyii mtu tiba ya kina ikiwa shughuli yake iko ndani ya miezi mitatu, hata akilia mbele yangu. Na nyinyi akina somo mliomo humu, nawaheshimu mno, naomba muanze kuwauliza mabinti kabla ya kuwasinga: "Mwanangu, kuna dawa umepakwa usoni mwezi huu?"

Niseme kidogo tiba zenyewe zinavyofanya kazi, maana huwezi kukubali usichokielewa.

Asidi zinatofautiana kama mbingu na ardhi, ingawa chupa zinafanana. Kuna ya glaikoliki, kuna ya salisiliki, hizi zikiwa na nguvu ndogo zinaambua tabaka la juu tu. Ya salisiliki ndiyo iliyozoeleka zaidi kwa ngozi zenye mafuta na chunusi. Ya glaikoliki lazima izimwe, kwa maji au kwa dawa ya magadi, na muda unahesabiwa kwa dakika. Aliyekupaka akitoka nje kupokea simu, ngozi yako inaendelea kuungua. Halafu kuna ile inayoitwa TCA. Hii ngozi ikigeuka nyeupe haina cha kuizima, kilichoshuka kimeshuka. Na kuna fenoli, inayokwenda chini kabisa. Fenoli inaingia kwenye damu na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, ndiyo maana haipakwi bila mashine ya kupima moyo pembeni, na kwa ngozi zetu inaweza kuacha sehemu nyeupe zisizorudi tena. Dada akikwambia ana fenoli kwenye droo ya saluni, usikae hata kwenye kile kiti.

Mafundi wangu, nyinyi mnaona nyuso za watu kabla yetu sisi madaktari. Ninawaomba, asidi kali msiagize mtandaoni. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo mwaka 2024 kuhusu asidi kali za kuambua zinazouzwa moja kwa moja kwa watu, kwa sababu ziliunguza. Chupa hizohizo zinafika Kariakoo.

Leza nazo si moja. Ile ya kaboni dayoksaidi, ambayo mhandisi Kumar Patel aliitengeneza Marekani mwaka 1964, hulenga maji yaliyo ndani ya ngozi, ikayachemsha na kuivukiza ngozi tabaka kwa tabaka. Muuzaji atakwambia: "Hii hailengi weusi, inalenga maji, kwa hiyo ni salama kwa Mwafrika." Nusu ya maneno hayo ni kweli. Hailengi weusi, lakini joto linalobaki pale linaziamsha zile chembe za rangi nilizowaambia. Sura nzima ya mtu mweusi ikipigwa leza hii, hatari ni kubwa, na mimi siishauri.

Mwaka 2004 wataalamu walikuja na namna nyingine ya leza, ya kutoboa vishimo vyembamba mno na kuacha ngozi nzima katikati yake. Ni kama uwanja wa mpira uliotobolewa vishimo, nyasi za pembeni zikaja kuvifunika. Uponaji ni wa siku chache badala ya wiki, na kwa ngozi zetu, kwa nguvu ndogo, kwa awamu, mikononi mwa anayejua, inawezekana. Lakini bado ni jeraha. Bado ni jeraha!

Jambo dogo ambalo watu hawalijui: uso hupona haraka kwa sababu umejaa vinyweleo na tezi za mafuta, na ngozi mpya huchipua kutoka mle. Shingo haina vingi hivyo. Kwa hiyo anayekwambia "tushuke na shingo kwa bei ileile" anakualika kupata kovu.

Sasa nafika mahali pagumu, na nitasema polepole.

Alikuja mama mmoja, mfanyabiashara, anajiweza. Alitaka leza ya gharama yoyote ile. Kwenye mifupa ya mashavu alikuwa na weusi wa bluu, na ukisogea karibu unaona vipunje vidogovidogo kama mayai ya samaki. Kope za chini zilikuwa na vimishipa vyekundu. Nikamuuliza, "Mama, unapaka nini?" Akasema, "Losheni ya kawaida." Nikamuuliza tena. Akanyamaza. Mara ya tatu akafungua mkoba, akatoa kikopo kisicho na jina, kimechanganywa dukani. Mkorogo, ule wa kujichubua.

Sikumgombeza, na naomba nanyi msiwagombeze. Weusi ule wa bluu unajulikana siku nyingi. Madaktari wa Afrika Kusini waliueleza mwaka 1975 kwa wanawake waliotumia kwa miaka krimu za haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi. Kinachomsikitisha mtu ni mzunguko wake. Krimu inaleta weusi, mtu anaona weusi, anaongeza krimu. Na ndani ya mkorogo mara nyingi kuna steroidi, zile krimu za betamethasoni na klobetasoli, zinazoikondesha ngozi mpaka mishipa inaonekana. Wakati mwingine kuna zebaki, ambayo haiishii usoni, inakwenda mpaka kwenye figo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka kwamba baada ya 2020 kipodozi chenye zebaki zaidi ya miligramu 1 kwa kilo kisitengenezwe wala kuvushwa mpaka. Hapa kwetu kazi ya kusimamia vipodozi iko TBS, shirika letu la viwango, tangu 2019. Sheria ipo. Vikopo vipo pia.

Ngozi iliyokondeshwa hivyo ukiipiga leza inafanyaje? Haina akiba ya kuponea. Nilimwambia mama yule, leza yako ya kwanza ni kuacha kikopo hiki, na ukiacha, uso utakasirika. Utawasha, utatoa chunusi, utakuwa mwekundu, utatamani kurudi. Ulikasirika kweli. Alinipigia simu usiku akilia, na tukaenda naye wiki kwa wiki, dawa ya kutuliza, mafuta mepesi, kinga ya jua. Leza hajapigwa mpaka leo, na sidhani kama ataihitaji kwa vile vimishipa, ingawa ule weusi wa bluu haujaisha na huenda usiishe wote.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya mashine, uliza doa lako limetoka wapi. Mabaka ya ujauzito au ya vidonge vya uzazi wa mpango, yale yanayokaa kwenye paji na mashavu yote mawili, leza inaweza kuyazidisha. Chunusi zinazoendelea kutoka, utatibu kovu huku kovu jipya linazaliwa. Mwenye asili ya makovu yanayovimba na kukua, aliyetobolewa sikio likaota donge, au aliyeachiwa kamba na upasuaji wa uzazi, aseme mapema kabla hajaguswa. Anayetokwa na malengelenge ya homa mdomoni aseme, maana joto na asidi huviamsha virusi vile vikasambaa uso mzima, na kuna vidonge vya kutangulia kumeza. Anayemeza aisotretinoini kwa ajili ya chunusi naye aseme. Msione aibu kusema.

Kuna habari njema pia, nisije nikawatoa hapa mmekata tamaa.

Mwalimu mmoja kijana alikuja akiwa ameamua kukopa kikoba ili apigwe leza ile kubwa. Nilimkalisha, nikazima taa ya juu, nikamulika tochi kutoka ubavuni. Taa ya ubavuni haifichi kitu. Mashavuni alikuwa na mabonde mapana yenye kingo laini, na katikati yake vishimo vyembamba vya kina kana kwamba vimechomwa kwa sindano. Nilimwonyesha kwenye kioo: haya mapana yatapungua, hivi vyembamba vitabaki, labda tuvishughulikie kimoja kimoja baadaye. Tulitumia vijisindano, siyo leza. Vijisindano havina joto, vinatoboa tu, na kwa ngozi nyeusi hatari ya madoa ni ndogo zaidi. Mara moja kwa mwezi, kwa awamu kadhaa. Baada ya nusu mwaka tulimulika tena tochi ileile. Mabonde yalikuwa yamepungua, vishimo vilibaki kama nilivyomwambia. Akaniambia kwamba kwenye vikao vya shule sasa anakaa upande wa dirisha. Zamani alikuwa akikwepa mwanga.

Hilo ndilo mnaloweza kulitarajia. Kupungua. Anayekuahidi uso wa mtoto mchanga anakuuzia kitu kisichokuwepo. Na mkopo, mama zangu, msiuchukue. Kama fedha haipo mwaka huu, kovu litakusubiri, halina riba.

Ukiamua kufanya, mwombe akujaribie sehemu ndogo kwanza, chini ya taya au nyuma ya sikio, usubiri mwezi mmoja mpaka mwezi na nusu uone kama panageuka weusi. Akikuharakisha, umeshapata jibu. Muulize ni nyuso ngapi nyeusi amefanya, na akuonyeshe picha za miezi sita baadaye, siyo za wiki moja, kwa sababu ule weusi unakuja baadaye. Muulize akikuunguza atafanya nini. Mjini Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kufundisha magonjwa ya ngozi tangu 1992, na waliosomea pale wako kwenye hospitali nyingi za mikoa, hata nje ya nchi. Kumwona mmoja wao kabla ya kulipia mashine ni gharama ndogo sana.

Na dawa ya ganzi! Hili nisilisahau. Krimu ya ganzi inapakwa kidogo, kwa muda ulioelekezwa. Mwaka 2007 FDA ilitoa tahadhari ikieleza vifo vya wasichana wawili, mmoja wa miaka 22 na mwingine 25, waliojipaka krimu kali ya ganzi miguuni na kuivingirisha nailoni kabla ya kuondolewa nywele kwa leza. Dawa iliingia mwilini kupita kiasi. Walikwenda kutafuta urembo tu. Usipakwe ganzi nyumbani ukapanda nayo bajaji kwenda kliniki.

Ukisharudi nyumbani ndipo kazi yako inapoanza, na hapa ndipo nyuso nyingi huharibikia. Vaselini nyepesi, ngozi isikauke. Mtafiti George Winter alionyesha mwaka 1962 kwamba jeraha lenye unyevu hujifunika haraka kuliko lililoachwa likauke. Usibandue gamba. Usisugue, usijifukize, usinawe kwa sabuni ya kufulia. Kwa siku zile za mwanzo mwombe mtu mwingine akae na jiko la mkaa, maana joto la usoni nalo linaamsha weusi. Kijana wako akupikie, hatakufa.

Jua ndilo adui mkubwa. Losheni ya kuzuia jua yenye namba 30 na kuendelea, kiasi cha kujaza vidole viwili kwa uso na shingo, urudie kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Chagua yenye rangi ya udongo kidogo, kwa sababu ile madini ya chuma inayoipa rangi huzuia hata mwanga wa kawaida unaotuongezea sisi weusi. Ushungi ulioshuka, kofia pana, mwavuli, vyote ni dawa. Ngozi kujikinga na jua siyo jambo la Wazungu. Palepale Moshi wanatengeneza losheni ya Kilisun kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, na wao wanajua jua la nchi hii linavyoua. Sisi wengine jua haliwi tishio la namna ile, lakini kwa ngozi iliyotoka kuambuliwa, wiki zile chache, hatuna ngao tuliyozaliwa nayo.

Nimesema vya kutosha, na naona mikono imeinuka. Tutaanza na mama mwenye kitenge cha kijani. Wakati tunaendelea na maswali, muuguzi wangu amekaa kwenye meza ile ya pembeni, karibu na mlango. Kama una krimu kwenye mkoba, yoyote ile, yenye jina au isiyo na jina, mpelekee aisome pamoja nawe. Hataandika jina lako, na kikopo utakichukua mwenyewe ukitaka. Karibu, mama, uliza.